Mkarafuu, Milki na Serikali



Katika mazungumzo haya twataka kulitazama swali ambalo vijana wanaojifunza ualimu hutuuliza kila mwaka, nalo ni hili: Mbona nchi mbili zenye udongo mwema na mvua ya kutosha huachana sana katika utajiri? Majibu ya kwanza yatolewayo darasani huwa ni yale yale. Mmoja husema ni hali ya hewa. Wa pili husema ni bidii ya watu hawa na uvivu wa watu wale. Wa tatu husema ni bahati ya kuwa na dhahabu chini ya ardhi. Kila jibu lina ukweli kidogo, lakini hayatoshi, maana tumeona nchi zenye dhahabu zikibaki maskini, na watu wenye bidii wakifa wangali wadaiwa.

Sisi twapenda kujibu swali hili kwa mfano mmoja ulio karibu nasi, mfano wa karafuu za Unguja na Pemba. Visiwa hivi vilipata kuwa soko kuu la karafuu duniani, kisha zao lilelile likadhoofika hata miti ikaachwa magugu. Visiwa havikuhama mahali pake, wala bahari haikubadili maji yake. Yaliyobadilika zaidi ni mambo yasiyoonekana kwa macho: ni nani mwenye shamba, ni nani apangaye bei, ni nani ashikaye daftari, na ni nani aamuaye watu wakigombana. Mambo hayo kwa jumla tutayaita taratibu za nchi.

MTI UTAKAO SUBIRA

Kwanza yatupasa kuujua mti wenyewe. Mkarafuu si kama mhindi wala mpunga. Apandaye mahindi huvuna baada ya miezi michache, na akidhulumiwa mwaka huu aweza kuhama mwaka ujao. Apandaye mkarafuu hungoja miaka sita, saba au minane kabla ya kuchuma mara ya kwanza, na hungoja zaidi kabla mti haujazaa kwa ukamilifu wake. Lakini ukisha kustawi huishi miaka mingi, hata mjukuu akachuma katika mti alioupanda babu. Tena mavuno hayaji sawasawa: mwaka mmoja matawi huelemewa, na mwaka ufuatao huwa haba.

Hata siku ya kuchuma kazi si nyepesi. Ua halingojwi lichanue. Huchumwa lingali limefumba, kwa mkono, juu ya mti. Kisha karafuu hutengwa na makonyo yake, zikaanikwa juu ya majamvi siku kadhaa, na watu wakitazama mawingu kwa wasiwasi, maana zikinyeshewa huharibika. Wahenga walisema, Mchumia juani hulia kivulini. Mwenye shamba la karafuu huchumia juani kweli kweli, lakini je, ana hakika ya kukifikia kivuli?

Tumfikirie basi mtu asimamaye shambani na mche mkononi. Kabla ya kuchimba shimo ana maswali matatu moyoni, hata kama hakuyatamka. La kwanza: Mti huu utakapozaa, utakuwa wangu bado, au wa mwanangu? La pili: Atakayenunua karafuu zangu atanilipa bei ya haki? La tatu: Tukishitakiana, je, yuko mwamuzi asiyenunuliwa, ambaye neno lake litafuatwa? Swali la kwanza ni la milki. La pili ni la soko. La tatu ni la uwezo wa Serikali. Akiwa na jibu jema kwa yote matatu, atapanda mche wa kwanza na wa mia. Akikosa jibu hata kwa moja, atapanda muhogo, naye hatakuwa mjinga. Atakuwa amepiga hesabu vizuri.

NGUVU BILA HAKI

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, mbali mashariki, katika nchi iitwayo sasa Indonesia. Katika karne ya 17 Kampuni ya Waholanzi ilitaka iwe yeye peke yake muuzaji wa karafuu duniani. Iliwaruhusu watu wa Ambon na visiwa vilivyo karibu wapande, na mahali pengine ikapeleka merikebu na askari kukata miti ya wenyeji ili karafuu zisizidi na bei isishuke. Huo ni mfano wa serikali yenye nguvu nyingi isiyoheshimu milki. Kampuni ilipata faida, lakini wenyeji walijifunza ya kuwa mti mzuri waweza kuwaletea shoka.

Siri ya Waholanzi haikudumu. Mwaka 1770 miche ililetwa kwa kificho katika kisiwa cha Mauritius kwa juhudi ya Mfaransa aitwaye Pierre Poivre, na mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu ukafika Unguja. Sayyid Said bin Sultan wa Oman, aliyehamishia makao yake Unguja karibu na mwaka 1840, alitambua upesi thamani yake. Imesimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii atanyang'anywa shamba. Katika miaka michache pande za magharibi za Unguja na vilima vya Pemba vikajaa mikarafuu, na kufika katikati ya karne hiyo sehemu kubwa ya karafuu zilizouzwa duniani zilitoka visiwani humu.

Twaweza kusema basi kwamba milki imara ilileta utajiri? Yatupasa kusema kwa uangalifu. Milki ilikuwa imara kwa wachache. Wahadimu, wenyeji wa Unguja, walijikuta polepole wamebaki na nchi ya mawe ya mashariki na kusini, na ardhi yenye rutuba imekuwa mashamba ya watu wengine. Na mikono iliyopanda, kupalilia na kuchuma ilikuwa mikono ya watumwa waliotekwa bara, watu wasiomiliki hata miili yao. Mtumwa hakuwa na sababu ya kuutunza mti zaidi ya hofu ya fimbo, na hofu ni msimamizi ghali. Haifanyi kazi ila inapotazama. Utajiri uliosimama juu ya msingi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na ufa tangu siku ya kwanza.

Ufa huo ulionekana. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia sana, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu zaidi. Mwaka uliofuata, 1873, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa, na mwaka 1897 sheria ikaondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Tangu hapo mwenye shamba alihitaji fedha taslimu kuwalipa wachumaji, na fedha hakuwa nayo.

MTI WAKO, ARDHI YA MWENZIO

Kabla ya kuifuata fedha, tuangalie jambo moja la desturi yetu ambalo wageni wengi walikawia kulielewa. Visiwani, na katika pwani yote, mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu aweza kumiliki minazi mitano katika kiwanja cha mwingine, akairithisha, akaiuza, wala asidai hata shubiri moja ya udongo. Huko Pemba watu wengi walipata mikarafuu kwa kuipanda katika ardhi ya mwenye nchi kisha wakagawana miti. Ndiyo sababu katika Pemba wadogo wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, kuliko katika Unguja.

Desturi hii haikuwa ujinga. Ilimwezesha mtu asiye na ardhi kupata mali kwa jasho lake, na ilimwezesha mwenye ardhi asiye na watu kupata miti. Katika Unguja vilevile, watu wengi wasio na mashamba walikaa katika mashamba ya wenye karafuu. Walilima muhogo na vyakula vingine chini ya miti bila kulipa kodi ya fedha, na kwa kulima huko magugu yakaondoka. Kila upande ulipata faida, na hakuna aliyeandika neno.

Lakini taratibu isiyoandikwa hutegemea nia njema ya jirani. Nia njema ikitoweka, hakuna la kuonyesha kwa kadhi wala kwa hakimu. Jambo hilo lilitokea katika miaka ya mwisho ya 1950, siasa za vyama zilipoingia mashambani. Baada ya uchaguzi wa 1957, wenye mashamba kadha wa kadha waliwafukuza watu waliokaa katika mashamba yao tangu zamani kwa sababu ya chama walichokifuata. Mapatano yaliyotosha wakati wa amani hayakuwa na nguvu wakati wa ugomvi, na ndipo watu waliponung'unika kwamba mtu aweza kulima mahali maisha yake yote asiwe na haki ya kukaa hapo kesho.

DAFTARI LA FORODHA

Sasa tutazame Serikali. Watu wengi hudhani Serikali yenye uwezo ni ile yenye askari wengi. Sivyo. Uwezo wa Serikali ni kuweza kuhesabu, kukusanya, kuamua na kutimiza ahadi. Askari ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Karani mwaminifu ni sehemu kubwa.

Sayyid Said hakuwa na makarani wa kutosha kutoza ushuru bandarini. Kwa hiyo aliikodisha forodha. Tajiri mmoja alimlipa kiasi cha fedha kilichopatanwa kwa mwaka, kisha yeye akautoza ushuru kwa faida yake. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi kutoka Kutch. Taratibu hiyo ilikuwa na urahisi: mtawala alijua mapema atapata kiasi gani, wala hakuhitaji ofisi kubwa. Lakini ilikuwa na hatari pia. Aliyeshika daftari ndiye aliyejua mali ya nchi, kuliko mwenye nchi mwenyewe. Tena tajiri yuleyule alikuwa mkopeshaji wa mtawala, na muda si muda mtawala akawa mdaiwa wa mtu aliyemtozea ushuru. Serikali isiyojua kuhesabu fedha zake haiwezi kusema ina mali yake.

Baada ya Waingereza kuifanya Zanzibar nchi ya himaya yao mwaka 1890, hazina ilitengwa mwaka 1891 mikononi mwa maofisa, na Sultani akawekewa fungu lake la kila mwaka. Hesabu zikawa safi zaidi. Walakini hesabu safi si haki yenyewe. Ushuru wa karafuu, ambao mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa 25 katika kila 100 ya thamani, uliendelea kuwa nguzo ya mapato ya Serikali, na mkulima aliyeulipa hakuulizwa fedha hizo zitumiwe vipi. Ndiyo maana twasema uwezo wa Serikali una pande mbili: kuweza kukusanya, na kuweza kuulizwa na wale waliokusanyiwa. Upande mmoja bila wa pili ni kama mizani yenye sahani moja.

DENI LILILOVAA NGUO YA BIASHARA

Sasa turudi kwa mwenye shamba anayehitaji fedha za kuwalipa wachumaji. Benki haikumjua. Aliyemjua ni mfanyabiashara wa mjini au mwenye duka la shamba. Sheria ya Kiislamu hairuhusu riba, kwa hiyo mkopo ulivikwa nguo ya mauzo, nayo iliitwa bei khiyari: mtu huuza shamba lake kwa sharti kwamba ana hiari ya kulikomboa.

Tuseme mtu ana shamba lenye thamani ya rupia 1,000, na ana haja ya rupia 400. Huliuza kwa rupia 400, na huandikwa kwamba akizirudisha katika muda uliopatanwa shamba litarudi kwake. Wakati huo haondoki. Hubaki shambani kama mpangaji, akalipa tuseme rupia 60 kila mwaka. Kodi hiyo ndiyo riba, ila haikuitwa riba. Mavuno yakiwa mema, hulikomboa shamba. Yakiwa haba miaka miwili, au bei ikishuka Bombay na London, hukopa tena ili kulipa kodi, na mwisho shamba la rupia 1,000 limekwenda kwa rupia 400.

Watu wengi walimlaumu mkopeshaji peke yake. Sisi hatumtetei mdhalimu, lakini twataka kuuliza: Kwa nini mkopo ulikuwa ghali? Sababu moja kubwa ni kwamba milki ilikuwa na mashaka. Mipaka ilikumbukwa kwa miti na kwa ushahidi wa wazee. Warithi walikuwa wengi, kila mmoja na fungu lake. Shamba lile lile liliweza kuwa limewekwa kwa mkopeshaji mwingine bila ya wa pili kujua. Mkopeshaji asiye na hakika hujilinda kwa kudai zaidi, na mkopaji mwaminifu humlipia mkopaji mdanganyifu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kabla haijapotea humgharimu mwenyewe kila anapokopa.

SHERIA YENYE MAKALI MAWILI

Bei ya karafuu iliposhuka wakati wa dhiki ya dunia baada ya 1929, madeni yaliongezeka hata Serikali ikaogopa kwamba mashamba yote yatapita mikononi mwa wakopeshaji. Mwaka 1934 ikatoa sheria kadha pamoja. Mojawapo ilizuia Waarabu na Waafrika wasiuze wala wasiweke rehani mashamba yao kwa watu wasio wa makundi hayo, ila kwa idhini ya Balozi wa Kiingereza. Nyingine ilikipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1937 chama hicho kikafanywa kuwa mnunuzi wa karafuu zote.

Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Matokeo yalikuwa na makali mawili. Shamba lisiloweza kuuzwa kwa mkopeshaji haliwezi kuwa rehani kwake, na asiye na rehani hakopeshwi. Mkulima aliokolewa na mto akaachwa jangwani, maana mkopo wa zamani ulizuiwa kabla wa badala yake haujawa tayari. Tena sheria iliwagawa watu kwa kabila zao badala ya kuwagawa kwa matendo yao. Ilimzuia mfanyabiashara Mhindi mwaminifu sawasawa na mnyang'anyi, na kumwacha mdhalimu wa kabila jingine aendelee. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma kununua karafuu katika mwaka 1937, na India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikawaunga mkono. Biashara ikaumia hata yakafanywa mapatano mwaka 1938, wafanyabiashara wakarudishiwa nafasi yao katika kuuza nje. Taratibu za nchi haziwezi kubadilishwa na mtu mmoja mezani pake. Kila mwenye kamba mkononi huweza kuivuta.

EKA TATU NA MNUNUZI MMOJA

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 mambo yaligeuka kabisa. Mashamba makubwa yalitwaliwa na Serikali, na tangu 1965 maelfu ya jamaa waliokuwa hawana ardhi waligawiwa eka tatu kila mmoja. Kwa mtu ambaye baba yake alikuwa mtumwa, au aliyefukuzwa shambani kwa ajili ya siasa, eka tatu zilikuwa heshima kabla ya kuwa uchumi. Hatuwezi kueleza habari hii kwa haki tukisahau jambo hilo.

Lakini tuyakumbuke maswali matatu ya mtu mwenye mche mkononi. Swali la kwanza lilijibiwa nusu. Alipewa shamba kulitumia. Ardhi yenyewe ilibaki ya umma, na kibali kiliweza kuondolewa. Swali la pili lilijibiwa vibaya. Shirika la Biashara la Serikali, lililoundwa mwaka 1968, lilikuwa mnunuzi pekee wa karafuu, nalo kwa miaka mingi lilimlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Fedha zilizobaki zilijenga nyumba, skuli na hospitali, na hilo lilikuwa na faida yake; walakini mkulima aliona kwamba mti wake unamlea mtu mwingine zaidi kuliko yeye.

Alifanya nini? Alifanya yale ambayo wakulima wa kila nchi hufanya. Wengine waliacha kupalilia. Wengine hawakupanda mche mpya mahali pa mti uliokufa, na miti mingi ilikuwa imekwisha kufa kwa maradhi yaliyoitwa kifo cha ghafla tangu kabla ya 1964. Na wengine walipakia karafuu mashuani usiku, wakavuka kwenda pwani ya Kenya, ambako bei ilikuwa bora. Serikali iliweka adhabu kali, lakini magendo hayakwisha. Hapa twaona tofauti kati ya ukali na uwezo. Serikali kali huweka walinzi katika kila kijia cha ufuko. Serikali yenye uwezo hulipa bei ambayo huifanya safari ya usiku isiwe na maana.

Mavuno, ambayo katika miaka ya kabla ya Mapinduzi mara nyingi yalizidi tani 10,000 kwa mwaka, katika karne ya 21 mara nyingi hayakufika nusu ya hizo. Sababu si moja. Indonesia, ambayo ilikuwa ikinunua karafuu za Zanzibar kwa wingi ili kuzitia katika sigara zake, ilipanda miti yake hata ikajitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ya dunia ikaanguka. Lakini bei ya dunia ilipopanda tena, miti ya Zanzibar ilikuwa michache na mizee, maana katika miaka ile ambayo ilipasa kupandwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipanda. Jambo hili lina somo zito: taratibu mbaya za leo huonekana katika mavuno ya miaka kumi ijayo, wakati ambapo walioziweka wamekwisha kuondoka.

Na asidhani mtu kwamba kosa hili ni la Zanzibar peke yake. Indonesia yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliunda shirika moja la kununua karafuu zote, chini ya Tommy Suharto, mwana wa Rais Suharto. Wakulima wa huko nao wakaiacha miti yao au kuikata, na shirika likavunjwa mwaka 1998. Bahari ni pana kati ya Pemba na Maluku, lakini moyo wa mkulima ni mmoja.

Habari njema zipo pia. Mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar ilipandisha bei ya mkulima kwa kiasi kikubwa, ikatangaza nia ya kumpa sehemu iliyo karibu na 80 katika kila 100 ya bei ya kuuzia nje. Magendo yakapungua, na watu wakaanza kuuliza habari za miche. Kabla ya hapo, mwaka 1992, sheria mpya ilikuwa imeeleza kwa maandishi haki za mtu katika ardhi anayoitumia. Mti mmoja hautengenezwi kwa tangazo moja, lakini mwanzo ulikuwa huo.

HATI PEKE YAKE HAITOSHI

Kutokana na hayo mtu aweza kusema, Basi tuwape watu hati, na kazi imekwisha. Sisi hatukubali. Hati ni nzuri, lakini hati yaweza kuwa wavu wa mjanja kumnasia mnyonge. Katika pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu walete madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Wenye maandishi na mawakili walipata. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ulikuwa makaburi na miti ya wazee wao, walikosa, na wajukuu wao wakaitwa wavamizi katika nchi ya babu zao. Karatasi ile iliyomlinda mmoja ilimfuta mwingine.

Kwa hiyo twasema mambo matatu yaende pamoja. Kwanza, milki iandikwe, lakini iandikwe kama ilivyo kweli miongoni mwa watu, pamoja na mti wa huyu katika ardhi ya yule, na fungu la mjane na la yatima. Daftari likisahau desturi, litazaa kesi badala ya amani. Pili, mwenye mali awe na pa kuuzia zaidi ya pamoja, au kama mnunuzi ni mmoja, bei yake ijulikane na itazamwe na wakulima wenyewe. Maana mali isiyoweza kuuzwa kwa haki ni mzigo wa kulinda, si utajiri. Tatu, Serikali iwe na uwezo wa kuhesabu na kuamua, nayo ikubali kuhesabiwa na kuamuliwa. Serikali dhaifu haiwezi kumlinda mkulima na jirani yake. Serikali isiyoulizwa haiwezi kumlinda na Serikali yenyewe.

Msomaji aweza kuyapima haya katika wilaya yake bila ya kitabu. Na aende sokoni aulize mizani ni ya nani, na ni nani huikagua. Na aulize barazani kesi ya mpaka huchukua muda gani, na kama maskini hupata kushinda. Na aulize mjane mmoja kama ana chochote kilichoandikwa kwa jina lake. Kisha atembee mashambani atazame ni miti gani inayopandwa. Akiona watu wanapanda miti ya miaka thelathini, ajue kwamba hapo watu wanaamini kesho. Akiona wanapanda vya msimu mmoja tu, ingawa udongo ni mwema na mvua yaja, asiwaite wavivu kabla hajauliza ni nani aliyewafundisha kutoingoja kesho hiyo.